Aliyebonyeza Moja

Aeleze tena. Aeleze mara ngapi, kwani maneno haya ni dawa ya kikohozi mtu ayameze kutwa mara tatu, ameshamweleza askari wa mlangoni, ameshamweleza mzee wa mizani, na sasa huyu msichana wa kaunta, mwenye kucha ndefu mpaka Dorsila anashangaa huwa anafuaje nguo, kibao chake cha kifuani kina herufi sita ambazo Dorsila amezisoma moja moja kwa elimu yake ya darasa la tatu mpaka zikatoa Lorine, anamwangalia kwa ule upole wa watu wanaolipwa kuwa wapole na kusema, "Sasa mama, hebu nielezee kutoka mwanzo, nisikie vizuri," masikio unayo mawili, anafikiri Dorsila, na vipuli kwa yote, utakosaje kusikia, lakini mdomo wake unasema tu, "Nilikatiwa tikiti na binti yangu. Naenda Mombasa leo Jumanne, narudi Ijumaa. Yule wa mizani anasema nitarudi Jumanne ingine. Mimi sikuomba Jumanne. Nataka Ijumaa yangu," na msichana anasema aaa, anaanza kugonga vile vitufe, tak tak tak, kama kuku anayedonoa mtama juu ya bati, na nyuma ya Dorsila, Ooko anatoa pumzi kwa pua, Ooko mwanawe wa kwanza, fundi wa friji kule Manyatta, ndiye aliyemleta, ndiye aliyebeba mkoba, "Mama, si Jumanne ni sawa tu, utakaa na Celestine, utapumzika kidogo," apumzike, apumzike kutoka wapi, amekaa siku tatu Manyatta kwenye kitanda cha wajukuu akipigwa mateke ya mbavu, na juzi usiku akiwa hapo hapo kitandani akasikia mvua ikishuka juu ya mabati, ile mvua yenyewe, si ya kudanganya vumbi, akajua na kule nyumbani karibu na Katito inashuka, na asubuhi jirani akampigia kwenye kabambe yake, kile kisimu cha vitufe, akamwambia udongo umekubali, watu wameshatoa majembe, wewe unarudi lini, akasema Ijumaa, akasema kwa kujiamini, kama mtu aliyeiweka Ijumaa mfukoni... "Mama, hiyo ndege ya Ijumaa ilifutwa," anasema Lorine bila kuinua macho, "wakapanga upya, abiria wote wakasogezwa," wakasogezwa, kama magunia, mtu analipa nauli ya ng'ombe mzima halafu anasogezwa, ingekuwa ni mtu wa feri pale Luanda Kotieno amefanya hivyo angeshaambiwa jina la mama yake na watu wote wa foleni, lakini hapa kila mtu anazungumza kama yuko kanisani, baridi ya mashine inapuliza shingo, nje ya kioo ziwa limelala limefunikwa magugu, na Dorsila anahesabu, akirudi Ijumaa, Jumamosi alfajiri anashika jembe, mistari yake mitatu pale mbele ya nyumba, hata miwili ingetosha, halafu anasema haya, pandeni, na Lornah mke wa Ooko anapanda, na wengine wote wanapanda, ndivyo ilivyo katika boma la Obiero tangu Obiero amlete yeye awe mikayi, mke wa kwanza, mama wa boma, na kabla yake mama mkwe alifanya hivyo hivyo, alikuwa na mdomo mbaya yule mwanamke lakini mkono wake ulikuwa mzuri, hakuna mtu anatupa mbegu kabla ya mama wa boma kutupa yake, ukimruka ni chira, laana ya mwiko, wanasema, unakonda tu, unakonda, na hospitali haioni kitu, Dorsila mwenyewe kwa chira hana maneno mengi, ameona watu wakikonda ambao hawakumruka yeyote, na ameona warukaji wakinenepa na kununua mashamba, si hiyo, shida si kukonda, shida ni kwamba mwanamke hurukwa akishazikwa, akishalala pale kando ya mumewe ndipo wake za wanawe wanapanda bila kugeuka kumtafuta, kwa hiyo ukimruka akiwa hai umemwambia nini, umemwambia tulishakuzika, bado tu mwili, na yeye yuko, anakula, anagombana, meno kumi na mawili anayo na yote yanafanya kazi...

"...tulituma ujumbe, mama, siku kumi zilizopita," ujumbe gani, wapi, "kwa ile namba ya tikiti, tukasema bonyeza moja kama unakubali Jumanne, bonyeza mbili kama unataka ndege ingine, bila malipo. Na hapa naona ilibonyezwa moja," nani alibonyeza, anauliza Dorsila, "Mimi sijui mama, ni simu inayoishia sita nne," na sita nne Dorsila anazijua, kichwa chake hakishiki namba lakini hiyo aliishika mwaka jana akiwa wodini, nesi alikuwa anamwuliza kila siku tumpigie nani, anasema ile ya sita nne, ya mwanangu, anageuka, na Ooko anaangalia taa za juu, "Mama, hizo mesej ni nyingi, za benki, za mchezo wa kubahatisha, za nini, mtu anabonyeza tu ziishe," na Dorsila anataka kumwamini, ni kweli huyu mtoto ni wa kubonyeza, hata ile redio ya baba yake aliibonyeza mpaka ikanyamaza milele, angekuwa na simu nzuri yeye mwenyewe yasingetokea haya, lakini simu nzuri ya nini kwa mtu anayesoma herufi moja moja kama anayepasua njugu, Celestine ndiye alisema tuweke namba ya Ooko, Mama, Ooko atakusomea, Celestine mtoto wake wa mwisho, Alhamisi anavaa kofia ile bapa, amefuzu unesi, miaka mitatu na nusu akitumiwa pesa ya samaki na pesa ya kuku, na akasema kama Mama haji mimi sivai, basi Dorsila akakubali kuingia kwenye chuma kinachoruka, akasema Ijumaa nirudi lakini, mvua iko karibu, na Ooko alikuwepo, alisikia, alikuwa anakula, alitikisa kichwa na ugali mdomoni... "Na hapa pia wameandika kwamba mlipigiwa simu," anaendelea Lorine, anasoma polepole akifuata kioo kwa ule ukucha, "kuthibitisha. Mteja akaambiwa Jumamosi kuna nafasi na Jumapili kuna nafasi. Mteja akasema Jumanne ni sawa," anasita, anasoma tena, msichana wa watu haelewi anachokiweka mezani, "Mteja akauliza kama hakuna ya mbele zaidi, baada ya Jumanne."

Ya mbele zaidi. Dorsila hageuki. Kuna kitu kinafunguka kichwani taratibu kama mlango wa ghala unaofunguliwa na mtu mwangalifu, mtu anayebonyeza tu ziishe haulizi kama kuna ya mbele zaidi, haulizi, na jana jioni, sasa anasikia jana jioni, Ooko nje karibu na mlango wa choo akisema na simu kwa sauti ya chini, Alhamisi mapema, pesa ya dizeli ninayo, wewe kuja tu, na yeye ndani akakaa akajiuliza ni friji gani hiyo inakunywa dizeli, akanyamaza, mgeni katika nyumba ya mwanawe haulizi kila kitu, na Lornah, Lornah aliondoka jana asubuhi kwenda nyumbani kuangalia paa, eti paa linavuja, paa ambalo Dorsila mwenyewe alilala chini yake mwezi mzima wa mvua za vuli bila tone, akamuaga kwa kumpa mkono, na kiganja cha Lornah kilikuwa cha rangi ya waridi, chote, mpaka kwenye mistari ya vidole, "Umeshika nini?" "Aa, ni rangi ya kucha, Mama," rangi ya kucha kwenye kiganja, tangu lini, ile ni mbegu ya dukani, ile ya kampuni inayopakwa dawa isiliwe na mchwa, alikuwa ameshika mbegu, alikuwa anaigawa, na msichana yule hajui kudanganya, macho yake yalikimbia kwenye jiko, kwenye ndoo, kwenye paka... "Mama? Mama uko na mimi?" ...trekta, ni trekta, waje Alhamisi na trekta yeye akiwa Mombasa anampigia Celestine makofi, na Jumanne, kwa nini Jumanne, anahesabu kwa kidole gumba juu ya vidole, Alhamisi inaingia ardhini, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne ni siku ya sita, siku ya sita hindi linatoa pua, basi ndiyo hiyo, Ijumaa angekuta udongo mbichi angepiga kelele mpaka mtu wa mwisho wa Nyakach ajue, angewafukulia mbegu zao moja moja, lakini Jumanne angeshuka akakuta mistari ya kijani, na nani anang'oa hindi lililochipua, mwaka unga unauzwa kama dawa, si yeye, yeye hawezi kung'oa chakula, hajawahi, angesimama pale na mkoba mkononi akanyamaza, na Ooko anajua, hapo ndipo panapouma, si ujinga, ni kwamba mtoto amemjua sawasawa, amepima unyamavu wake kama anavyopima gesi ya friji... na haki anayo, tusidanganyane, mwaka jana yeye alilala wodini wiki tatu na nimonia, na boma zima likakaa na mbegu ndani likimngojea, majirani mahindi yao yakifika kiunoni, halafu jua likayakamata ya kwao yakiwa ndio kwanza yanatoa maua, wakavuna magunzi, Ooko akanunua unga pakiti kwa pakiti mpaka Krismasi na hakusema neno, hakusema hata siku moja, labda angesema, haki ya kukasirika alikuwa nayo, angekuja akasema Mama mwaka huu hatuwezi kungoja, angegombana naye kama mwanamume, wangetukanana, wakala, wakatafuta njia, si yeye Dorsila alikuwa anaweza kutoka kwenda kutupa mbegu mbili kwenye vumbi kabla ya safari, angefanya, angenung'unika na angefanya, lakini haki ya kubonyeza Ooko hakuwa nayo, kumpeleka mama yake baharini ili amzike kidogo...

"Mama, nimepata," Lorine anatabasamu sasa, amefanya kazi yake, "kuna nafasi moja Ijumaa jioni, inapitia Nairobi. Nikuwekee?" na Ooko nyuma anakohoa, hajapanga kikohozi hicho, na Dorsila anaiangalia hiyo Ijumaa aliyoipigania kwenye milango mitatu tangu asubuhi, imekuja, imelala hapo mezani, na haina kazi tena, Ijumaa itakuta trekta limeshaenda, anasema, "Hapana. Hiyo ya kurudi iache. Jumanne ni sawa. Nitaoga bahari." "Lakini mama, si ulisema..." "Nilisema. Sasa nasema ingine. Hii ya kwenda ndiyo sitaki. Leo siendi. Nitafutie ya kesho." "Kesho?" anasema Lorine. "Kesho?" anasema Ooko, na sauti yake imepanda kama ya siku alipobalehe, "Mama, begi limeshapimwa, watu wanaingia, unaenda kufanya nini leo?" na Dorsila anamwambia msichana, "Lakini nifike kabla ya Alhamisi asubuhi, binti yangu anavaa kofia," na Lorine anagonga, anasema kuna ya kesho jioni, ataingia Mombasa saa tatu usiku, lakini mama, sauti inashuka, hii ya leo sisi hatukuibadilisha, ukibadilisha wewe ni lazima ulipe, na ya kesho iko bei ya juu, ni pesa nyingi, mama, "Sikuuliza pesa, binti yangu. Niliuliza nafasi." "Nafasi iko." "Basi weka." Saa sita atakuwa Katito, saa saba nyumbani, udongo bado utakuwa na maji ndani, mtama wake uko kwenye kibuyu kilichotundikwa juu ya meko, ule mweusi kwa moshi, haujawahi kuona duka, mistari mitatu, hata akiwa na hii nguo ya safari, hata na viatu hivi vya Lornah vinavyombana, na Lornah atakuwa amesimama mlangoni na viganja vyake vya waridi, Dorsila atambishia hodi tu, atamwambia niletee jembe, na leo Jumanne wanawake wote wataona mama wa boma ameinama shambani, kisha kesho asafiri akiwa amechafuka kucha, vizuri, Celestine acheke... "Mama, skiza," Ooko amesogea karibu, ananong'ona, jasho limemtoka katika baridi yote hii, "Mama, si hivyo unavyofikiri." "Mimi nafikiri nini?" Anageuka sasa. "Niambie, wuod Obiero. Nafikiri nini?" na anamwangalia mtoto wa Obiero, paji la uso ni la Obiero kabisa, na aibu ile ni ya Obiero pia, yule alikuwa akikosea anaangalia taa hata mahali pasipo na taa, "Mwaka jana, Mama..." "Najua mwaka jana. Nilikuwepo mwaka jana. Bado nipo." Foleni nyuma inasonga songa bila kwenda popote, mwanamume mmoja anasema jamani, huyu mama hajamaliza, hajamaliza, anawaza Dorsila, nenda ukae, na Lorine anageuza kile kioo kidogo waone, tarakimu zimekaa pale zimejipanga, Dorsila hazisomi, anaona uso wa Ooko unazisoma, inatosha. "Toa," anasema. "Mama, pesa niliyo nayo kwa simu ni ya trekta. Ni ya dizeli na dereva, yote. Nikitoa hii hakuna trekta Alhamisi." Amesema mwenyewe, neno trekta, hakuulizwa. Lorine anaangalia kucha zake. "Bonyeza," anasema Dorsila, "si ndiyo kazi unaijua," na Ooko anatoa simu, namba ya siri anaikosea mara moja, anaipata mara ya pili, na simu inalia kidogo mkononi mwake kusema imekwenda, na kaunta ni ile ile, foleni ni ile ile, tak tak tak ya vitufe ni ile ile, lakini trekta limekwenda, na Alhamisi, Celestine akivaa kofia, Ooko na Lornah watainama kwenye zile ekari mbili na nusu na majembe ya mkono, mstari kwa mstari, wakianzia pale alipoachia yeye.