Kifuniko cha Zambarau

Mama mkwe wangu alikuwa na jina moja tu la kuniita: Huyu. Huyu kachelewa. Huyu kapika mawe. Huyu hazai. Hata asubuhi ile alipoletwa hospitali, miguu imevimba na pumzi zinamkatika, aliponiona napiga deki kwenye chumba cha kutolea damu alimwambia binti yake, "Mtoe Huyu. Ataniroga."

Binti yake ni wifi yangu, muuguzi wa chumba kile. Mimi ni msafishaji wa hapo na wa maabara ya pembeni. Miaka minne tumefanya kazi mlango kwa mlango, na sijamsikia akimwambia mtu kwamba mimi ni mke wa kaka yake.

"Hawezi kuroga hata kuku, mama," wifi alisema. "Kaishia darasa la saba. Uchawi unataka hesabu."

Wakacheka. Nikakamua dekio.

Mishipa ya mama mkwe ilikuwa imejificha. Wifi akafunga mpira juu ya kiwiko, akachoma, akakosa. Akachoma tena. Mama akafoka kwamba yeye si chekecheke. Mara ya tatu damu ikaja, ikajaza tyubu ya kifuniko cha zambarau, ikaingia kidogo kwenye tyubu ya kifuniko chekundu, ikakatika.

"Basi! Ukinichoma tena nakuzaba kibao, hapahapa mbele ya Huyu."

Wifi ana miaka arobaini na wagonjwa wanamwogopa. Mbele ya mama yake ni mtoto wa chekechea. Akanitazama. Nikainamia ndoo. Lakini kabati la dawa lina kioo, na kwenye kioo nilimwona akifungua vifuniko vyote viwili na kumimina damu kutoka zambarau kwenda nyekundu mpaka ikafika kwenye mstari.

Sasa, mpimaji wa maabara, tunayemwita Mizani, kila Jumatatu huwafundisha wanafunzi wa uuguzi. Mimi hunipita kama anavyoipita meza, ila meza haina masikio.

"Mtu ni chumvi na maji," huwafokea. "Potasiamu inakaa ndani ya seli, sodiamu inakaa nje. Zikipishana mlangoni, msuli unajikunja na moyo unapiga. Potasiamu ikijaa nje, moyo unasahau kazi." Halafu huinua tyubu ya zambarau. "Humu chini kuna chumvi yenye potasiamu. Chumvi hiyo inaikamata kalsiamu mikono yote miwili, na bila kalsiamu damu haigandi. Ndiyo maana tunaitumia tukitaka damu ibaki majimaji. Sasa nione mjinga anamimina damu ya humu kwenye nyekundu! Mashine itaniletea majibu ya maiti."

Nimeyasikia hayo mpaka nayajua kama wimbo wa jirani. Kwa hiyo nilijua. Na nilinyamaza. Nilitaka majibu yatoke mabovu, Mizani amfokee wifi mbele ya wanafunzi, nami niwe karibu na ndoo yangu. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Majibu yalitoka saa sita. Daktari alikuwa ameomba vipimo vya figo na potasiamu peke yake. Potasiamu ya mtu mwenye afya haifiki sita. Ya mama mkwe ilisoma tisa. Mizani akampigia daktari aliyekuwa chumba cha upasuaji. Mashine ya kupimia moyo ilikuwa imepelekwa kutengenezwa, na mgonjwa mwenye miguu kama ile figo zake zilishatiliwa shaka. Daktari akasema wasisubiri: insulini na maji ya sukari, upesi.

Nilimkuta wifi kwenye korido, sindano mkononi, midomo imekauka.

"Wifi, waambie."

"Niwaambie nini?"

"Ulichomimina."

"Wewe ulikuwa unaangalia sakafu. Hukuona kitu."

"Insulini inaisukuma potasiamu irudi ndani ya seli. Kama ya mama haikuzidi, itashuka mno, na moyo utasimama vilevile."

Alicheka, cheko fupi kama kikohozi. "Leo dekio linanifundisha dawa! Matone mawili hayawezi kufanya tisa. Mama ana figo mbovu, ndiyo hiyo tisa. Na ukifungua huo mdomo, kazi huna, na kwa kaka yangu hulali."

Hayo hayakuwa maneno ya hasira tu. Mume wangu hajawahi kumbishia dada yake, wala mama yake.

Niliingia maabara na viatu vyenye maji.

"Toka," Mizani alisema bila kuinua kichwa. "Sakafu haijakauka."

"Ile tyubu nyekundu ya tisa, ipime kalsiamu."

Akainua kichwa. "Nani kakufundisha neno hilo?"

"Wewe. Jumatatu."

"Kapige deki."

"Kama damu ilimiminwa kutoka zambarau, kalsiamu itakuwa karibu na sufuri. Ukiikuta ya kawaida, nifukuze mwenyewe, usimsubiri wifi."

Alinitukana tusi ambalo sitaliandika. Lakini aliichukua tyubu. Mashine ikanguruma dakika zake, nami nikasimama nikiwaza sindano ya wifi. Kalsiamu ilitakiwa kuwa mbili na kitu. Ilisoma sufuri nukta tatu.

"Mtu wa hivi vidole vingekuwa vimekakamaa kama kucha za kuku," Mizani alisema polepole.

"Amekuwa akininyooshea kidole tangu asubuhi," nikamwambia.

Akakimbia. Sikujua kwamba Mizani anaweza kukimbia. Dripu ya maji ya sukari ilikuwa imeshaning'inizwa, na wifi alikuwa ameshika mpira wa dripu, insulini bado ndani ya sindano.  Mizani akampokonya sindano, kisha akamtoa mama damu mwenyewe kwa kumchoma mara moja, tyubu nyekundu kwanza. Majibu mapya yalikuja baadaye: potasiamu nne nukta sita.

Wifi aliitwa palepale ofisini kuandika maelezo. Mlangoni alinipita, akaninong'oneza, "Umekula leo. Kesho tutaona utakula wapi."

Nikabaki na mama mkwe. Hakukuwa na mwingine wa kumshikia pamba.

"Kwa hiyo nimechomwa mara ya nne kwa sababu ya Huyu," aliiambia dari. "Na mwanangu umemchongea."

"Alikuwa anakaribia kukuua, mama."

"Angeniua mwanangu. Wewe nani?" Akauvuta mkono. "Nitoke hapa nikukute umeshafungasha."

Pamba ikaanguka. Damu ikatiririka hadi kwenye kiganja, ikadondoka kwenye sakafu niliyoipiga deki mara mbili.

"Nitafungasha," nilisema. "Kwanza nipe mkono. Damu haijaganda."

Aliitazama ile damu, akanitazama mimi. Kisha akanyoosha mkono, uso akaugeuzia ukutani.

Nikaweka pamba mpya, nikabonyeza, nikiingoja kalsiamu yake ifanye kazi. Nilibonyeza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.