Kiti cha Mama Fada

Tangu ahamishiwe parokia ile ya Nsukka, akina mama hawakuacha kumwuliza Fada Ikedinobi, "Mama yetu utamleta lini tumwone?" Naye, mtu mzima na kola yake shingoni, akawa anawajibu kwamba ni mgonjwa, hawezi safari. Uongo mtupu. Mama Ugboaku alikuwa mzima wa afya huko Oguta, anapika gongo yake. Na mwanawe Kwaresima hiyo aliisema gongo mpaka walevi wakahamia mabenchi ya nyuma. Sasa mama anayenuka mtambo angemweka wapi?

Jumapili ya akina mama ikafika. Kama ilivyo desturi, wakakipamba kiti cha Mama Fada, mama mzazi wa padri, kwa kitambaa cheupe mbele ya altare, kikabaki kitupu. Wakati wa matoleo akina mama wakaja wakicheza, viazi vikuu vichwani, na katikati yao Fada akamwona mama yake na kikapu chake. Hakualikwa na mtu.

Mwenyekiti wao, Mama Obioma, mwenye maneno mengi na roho safi, akamdaka mgeni.

"Bibi, umetoka wapi?"

"Oguta."

"Kumbe kwao Fada! Basi Mama Fada unamjua?"

"Namjua."

"Hajambo?"

Kanisa zima likatega sikio. Mama Ugboaku akamtazama mwanawe. Neno moja tu la Fada lilitakiwa, na mdomo alikuwa nao, ule ule wa kuwasema walevi. Fada akainamia ndoo ya maji ya baraka.

"Anaumwa," mama akasema. "Ndiyo maana kanituma mimi."

Vigelegele vikapigwa. Wakampa doti ya kitenge waliyomwekea Mama Fada, akamfikishie, na Mama Obioma akataka ibarikiwe kwanza. Mama Ugboaku akapiga magoti kando ya kiti kitupu, kitenge mikononi. Fada akanyunyiza maji. Maneno ya baraka anayoyajua kama jina lake yakampotea.

"Fada, mpe salamu basi ampelekee mama," Mama Obioma akamhimiza.

Padri gani huyu, jamani. Akamgeukia mama yake.

"Mwambie apone haraka."

"Nitamwambia, Fada," mama akajibu, akashika goti lake, akainuka.