Breki Tatu za Fuso ya Lazaro

Gari likiua watu huku Karatu, damu haijakauka watu wameshajua sababu. Mwendo kasi. Pombe. Dereva alikuwa anachezea simu. Barabara mbovu, utelezi, mapenzi ya Mungu. Sibishi, vyote hivyo vinaua, na mimi nimevuta magari ya kutosha kutoka makorongoni kuvijua kimoja kimoja. Lakini nimekuwa fundi miaka ishirini na mbili, na sijawahi kumsikia mtu msibani akisema, "Ni fundi." Hilo lilinifaa sana mpaka mwezi wa nne mwaka huu.

Naitwa Clemensi. Gereji yangu iko nyuma ya soko, ingawa kuiita gereji ni kujipendelea. Ni kiwanja chenye shimo la kuingilia chini ya gari na kontena la spea kuukuu. Jumanne moja Lazaro alileta Fuso yake. Huwa anabeba mazao ya wakulima wa Daa kuyaleta mjini, na siku ya mnada anawabeba na wenyewe, juu ya magunia. Silinda ya breki ya tairi la nyuma kushoto ilikuwa inavuja. Spea haikuwepo mjini, ni mpaka Arusha, na mnada ulikuwa Alhamisi.

Basi nikafanya tunachofanya wote. Nikafungua bomba linalopeleka mafuta ya breki kwenye tairi lile, nikatia gololi ya beringi mdomoni, nikakaza nati. Mafuta hayavuji tena, tairi lile halina breki tena, na matatu yaliyobaki yanafanya kazi. Tunaita kuziba. Gari linatembea hivyo wiki, mwezi, mengine mwaka mzima, mpaka spea ipatikane au mwenye gari asahau.

Kuna utaratibu wake. Ukiziba, unafunga kitambaa chekundu kwenye hendibreki. Hakuna aliyetuandikia, lakini kila dereva wa lori hapa mjini anaujua. Ukikaa kwenye usukani ukakikuta, unajua kwamba gari hilo likifungwa breki kwa nguvu linavuta upande mmoja, kwa hiyo mlima unaushuka kwa gia namba mbili na mguu mwepesi. Nilikuwa nimeshakishika kitambaa Lazaro aliponizuia.

"Fundi, hicho acha. Trafiki wameshakijua. Wakikiona tu, nimekwisha."

"Utasahau."

"Nitasahau vipi na gari naendesha mwenyewe?"

Nikakirudisha kwenye boksi la spana. Haikunichukua hata nusu dakika kukubali.

Jumatano jioni Lazaro akashikwa na malaria. Alhamisi asubuhi akampa gari Emilian, deiwaka wake, yaani dereva anayeshika usukani siku mwenyewe hayupo. Emilian alikuwa rafiki yangu tangu ujana. Alikuwa mtu mpole kiasi cha kuudhi. Abiria walimtania kwamba anayetaka kuwahi mnadani ashuke kwenye gari la Emilian atembee. Lazaro, akitetemeka na homa yake, akampa ufunguo na turubai. Habari ya breki hakuitaja.

Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mteremko wa korongo ng'ombe wakakatiza barabara, na Emilian akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Gari likavuta kulia likatumbukia na magunia na watu. Walikufa watatu: Emilian, mama mmoja muuza mbaazi, na Sabina, binti wa Germana jirani yake Emilian, aliyekuwa chuo cha ualimu na alikuwa amekuja nyumbani likizo.

Trafiki aliniita kukagua gari kwa sababu mimi ndiye niliyepatikana haraka. Niliingia chini nikaikuta gololi yangu mahali pake, nati imekaza vizuri kabisa. Nikatoka nikijifuta mikono.

"Breki vipi, fundi?"

"Breki zipo, afande."

Zilikuwepo tatu. Akaandika.

Kebini kulikuwa na dumu la pombe ambalo abiria mmoja alikuwa analipeleka mnadani. Lilipasuka likamlowesha Emilian mwili mzima, na ilipofika saa nane mchana Daa nzima ilijua kwamba dereva alikuwa amelewa. Emilian alikuwa na vidonda vya tumbo, hata chai ya rangi ilimshinda. Nililijua hilo na nikanyamaza. Lazaro alinipigia simu, tukaongea maneno machache ya waoga wawili, tukakubaliana kwamba marehemu hatarudi.

Daa kaburi huchimbwa na majirani asubuhi ya siku ya maziko. Hakuna malipo wala mwaliko. Unasikia kuna msiba, unachukua jembe. Jumamosi nilifika nyumbani kwa Emilian saa nne nikakuta watu wawili tu shimoni, kaka zake waliotoka Mbulu, na shimo halijapita magoti. Majirani walikuwa wamekaa upande wa pili wa barabara, kwa Germana, ambako Sabina alizikwa jana yake. Majembe yao yalikuwa yameegemezwa ukutani. Katekista alikwenda kuwaomba akarudi peke yake, maana Germana alimjibu, "Mlevi aliyeniulia mtoto azikwe na walevi wenzake."

Saa sita pikapu ikaleta jeneza na waombolezaji wa kutoka mjini. Likawekwa uani juu ya viti viwili, kwa sababu pa kulizika hapakuwepo bado. Ndipo Martha, mke wa Emilian, aliponifuata. Hakuwa analia.

"Shemeji, wewe ndiye uliyelikagua gari," akasema. "Niambie nijue cha kuwaambia watoto. Alikuwa amekunywa?"

Njia nzima nilikuwa nimejipanga kusema hapana na kuishia hapo. Lakini nililitazama lile jeneza juu ya viti, nikawatazama kaka zake wanavyohema shimoni, nikaona kwamba hapana yangu peke yake isingemleta hata mtu mmoja na jembe.

"Hakunywa," nikamwambia. "Njoo usikie lililobaki."

Nikavuka barabara, naye nyuma yangu. Nilimwamkia Germana shikamoo, hakuitikia. Hotuba sikuwa nayo, kwa hiyo nikaeleza kama ninavyomweleza mteja: tairi lipi, bomba lipi, gololi, kitambaa nilichokirudisha kwenye boksi, na nilichomwambia trafiki. Nikasema Emilian hakunywa, hakukimbiza, na hakuambiwa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na Martha alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwangu.

Mtoto mkubwa wa Germana akainuka. Nilidhani ananipiga, na kusema kweli nilitaka anipige. Mama yake akamzuia.

"Umeziba mangapi?" akaniuliza.

"Mama?"

"Magari. Yanayotembea hivi leo na watu juu. Ni mangapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Nilihesabu kwa vidole mbele ya watu wote, nikimtaja mwenye gari mmoja baada ya mwingine.

"Matano," nikasema. "Ile pikapu iliyomleta Emilian ni mojawapo."

Watu waligeuka wakaiangalia. Mama mmoja aliyekuja nayo akamvuta mwanawe karibu. Germana akasema bila kumtazama mtu, "Chukueni majembe. Mkamchimbie mwenzenu."

Wanawe wakainuka, kisha majirani wote. Walivuka barabara bila kunigusa wala kuniambia neno. Jembe moja lilibaki ukutani, nikainama kulichukua.

"Wewe acha," akasema Germana. "Kazi yako iko kwenye magari."

Basi sikuchimba kaburi la rafiki yangu. Niliipiga jeki ile pikapu, nikatoa tairi ili mtu asije akaondoka nayo, dereva wake akiniangalia tu. Kisha nikaanza kupiga simu. Wa kwanza alikuwa yule afande. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia Jumatatu saa mbili asubuhi niwe kituoni. Wa pili alinitukana. Wa tatu naye alinitukana. Wa nne aliuliza kama nimelewa. Lakini wenye magari hao wote watatu waliniahidi kuegesha.

Alibaki Metui. Lori lake nililiziba mwezi wa pili. Simu yake haikupatikana, nikampigia mkewe, Namelok, akaniambia mumewe ameondoka alfajiri kwenda Wasso na shehena ya unga na watu kumi na mmoja. Kitambaa alikuwa nacho, lakini kitambaa hakisimamishi gari. Na njia ile, ukishaacha lami, simu inashika hapa na pale tu, na mteremko upo wa kutosha.

Nikapiga. Nikapiga tena. Walipoanza wimbo wa kumshusha Emilian nilikuwa nimeegemea pikapu isiyo na tairi, simu sikioni, yule dada akinirudia kwamba namba ninayopiga haipatikani. Nilimwona Martha kwa mbali ameshikwa na wanawake wawili, na mmoja wao alikuwa Germana. Nikaomba kwa sauti, mimi ambaye kanisani nakwenda Krismasi na Pasaka. Niliomba Metui awe hai. Kingine sikuwa na uso wa kukiomba.

Saa kumi jioni watu wa mjini walikuwa wameanza kuondoka kwa miguu, wakitafuta bodaboda mbele ya safari. Simu ikaita mkononi mwangu.

"Clemensi, nafika Wasso nakuta umenipigia mara thelathini," Metui akasema. "Kuna msiba?"

Nikakaa chini kwenye vumbi. Machozi yalinitoka kabla ya maneno.

"Upo. Emilian. Hilo gari usiliwashe tena, nitaleta spea mwenyewe."

"Emilian yule mpole? Maskini," akasema. "Alikuwa anakimbiza?"

"Hapana," nikasema. "Alikanyaga breki."