Mwenyekiti Asiye na Namba

Barua pepe iliingia Jumanne asubuhi, Corliss Battle akiwa bado hajavua koti. Hospitali moja ya watoto hapo Cleveland ilitaka kumpa Rosalind Tolliver tuzo, na iliomba kitu kimoja tu: namba yake ya usajili kama mtaalamu wa tiba ya muziki.

Corliss alikuwa makamu mwenyekiti wa chama chao, chama cha Weusi wanaotibu kwa muziki, uchoraji na dansi. Akafungua orodha ya waliosajiliwa, akaandika Tolliver. Hakuna. Akaandika Gaines, jina la Rosalind la kabla ya kuolewa. Hakuna. Akapiga simu ofisi ya usajili, na dada aliyepokea akamwambia huyo mtu hajawahi kuwemo.

Rosalind, ambaye wote walimwita Mama Roz, alikuwa mwenyekiti wao. Mama Roz ndiye aliyeanzisha chama miaka kumi na mitatu nyuma, watu sita sebuleni kwake. Ndiye aliyefundisha darasa la Jumamosi la kuwaandaa wenzao kwa mtihani wa cheti. Corliss mwenyewe alipofeli mara ya kwanza, Mama Roz alimfuata nyumbani na sufuria ya supu, akamwambia, "Lia mpaka saa sita. Saa sita na robo tunafungua kitabu."

Jioni hiyo Corliss alimkuta jikoni kwake, akiosha sukuma wiki kwenye sinki.

"Una sura ya mtu aliyenyang'anywa piano," Mama Roz alicheka. "Kaa. Umekula?"

"Mama, namba yako ya usajili ni ipi?"

Kicheko kilikatika. Maji yaliendelea kumwagika bombani, na hakuna aliyeyafunga.

"Sina."

"Imeisha muda?"

"Sikuwahi kuwa nayo, mwanangu. Nilifeli mara nne. Ya mwisho nilikosa alama mbili."

Corliss alivuta kiti akakaa. "Na wale wazee wa kiharusi unaotuhadithia kila mwaka kwamba uliwatibu?"

"Nilikuwa mwimbishaji tu pale nyumba ya wazee. Mtaalamu alikuwa mwingine. Mimi nilishika gitaa, nikatazama." Alijifuta mikono, akajifuta tena. "Mlipoanza kuniita mtaalamu, nilinyamaza. Nilikusudia kusema. Halafu ikawa kila nikifungua mdomo, kuna mtu ananishukuru."

"Umenifundisha mtihani uliokushinda!"

"Nani aliujua kunizidi? Nimeufanya mara nne."

Siku nyingine Corliss angecheka. "Utawaambia wewe," alisema, "au niwaambie mimi?"

Jumamosi, kwenye mkutano wa chama katika ukumbi wa kanisa, Mama Roz alisimama mbele ya wanachama arobaini bila karatasi, akayasema yote kwa sentensi tatu. Kisha Lamont Eubanks, mpiga ngoma kutoka Akron, akainuka.

"Ngoja. Ngoja kwanza. Mimi nimetundika picha yako ofisini!"

Mtu mmoja alicheka, na kicheko chake kikageuka kilio. Dada mmoja alichukua mkoba wake akatoka bila kuaga. Mwingine akasema kwa sauti ndogo, "Wakisikia huko nje, watasema vyeti vyetu sote ni vya uongo," na hilo ndilo lililomwinamisha Mama Roz kichwa.

"Naachia kiti," alisema. "Wala msinipigie makofi."

Hakuna aliyekuwa amefikiria kupiga.

Corliss alikabidhiwa uenyekiti hapohapo. Jumatatu aliiandikia hospitali ukweli mtupu, tuzo ikafutwa. Wanachama kumi na mmoja walijitoa. Darasa la Jumamosi akalichukua yeye, na kwa wiki mbili watu walibishana zaidi kuliko walivyosoma.

Jumamosi ya tatu mlango wa nyuma ulifunguliwa. Mama Roz aliingia na penseli na kitabu kipya, akasimama ukutani kama mgeni.

"Nimekuja kujiandikisha," alisema. "Kama mtanikataa, nitaelewa."

Kila mtu alimgeukia Corliss. Alikuwa bado na hasira; hakuona haya kuwa nayo. Hata hivyo alimsukumia fomu.

Lamont, ambaye naye alikuwa bado akijiandaa kwa mtihani, akavuta kiti cha pembeni yake.

"Kaa hapa," alisema. "Na usithubutu kuninong'oneza majibu."