Plasta ya Kifuani

Fundi cherehani hakuwa na shaka hata chembe: homa ya mumewe ilikuwa inaletwa na wifi. Kila Jumamosi wifi akija na chupa yake ya uji, Jumapili mgonjwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Na huo upendo wa ghafla, jamani, umetoka wapi? Mtu aliyesusia harusi yao, leo anampulizia kaka yake uji!

Mume alikuwa na saratani ya damu. Dawa zilikuwa zimemmaliza kinga, na kifuani alikuwa na mrija wa kupitishia dawa, umefunikwa kwa plasta. Daktari alishasema wazi kwamba homa nyingine inaweza kumwondoa.

Basi Jumamosi iliyofuata fundi akamzuia wifi mlangoni.

"Uji wako kanywe mwenyewe."

"Unanishuku mimi? Si ndugu yangu wa tumbo moja huyu?"

"Nimesema hapana."

Wifi akaenda zake analia. Na fundi, aibu hata kusema, alijisikia raha.

Kesho yake homa ikarudi, mbaya kuliko zote. Hospitalini mume hakumtambua hata mkewe. Wakaanza kumtibu, na majibu ya damu yalipotoka daktari akamwita fundi.

"Hawa bakteria ni nadra kuwaona kwenye damu. Kwao ni mdomoni mwa watu. Mimi na wewe hawatusumbui, ila yeye hana kinga. Mdomo wake nimeutazama, hauna kidonda. Plasta anabadilisha nani?"

"Mimi, daktari! Simwachii mtu. Kila Jumamosi asubuhi, wifi akija amkute msafi. Na mikono nanawa kwa sabuni."

"Hebu nionyeshe."

Fundi akanawa vizuri, akavuta plasta kwenye roli, akaipeleka mdomoni na kuikata kwa meno, kama anavyokata uzi tangu usichana wake. Kipande akakibana kwa midomo, ili mikono ibaki huru.

Daktari akamnyooshea kidole kwenye midomo. Fundi akakitoa kile kipande mdomoni polepole.

Alipotoka, wifi alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, amepakata chupa ya uji, hajathubutu kuingia.

"Wifi, ingia," fundi akasema. "Kaa naye wewe. Mimi naogopa kumgusa."