Jina Lililorudishwa kwa Mwalimu

Sumie alikuwa na jambo lililomkaa kooni tangu utotoni: kwamba yeye ndiye aliyeua uchoraji wa dada yake. Shangazi yao alilisema kwenye msiba wa dada huyo, Sumie mtoto akisikia: "Kama si kifua cha huyu, ukoo wetu ungekuwa na mchoraji." Ulimi hauna mfupa, lakini maneno yale yalimchoma Sumie kwa zaidi ya miaka sabini.

Kinuyo, dada mtu, alikuwa mwanafunzi wa Baisen, mchoraji mwenye jina kubwa pale Kyoto. Sumie alipougua kifua kikuu, nao mama hawana, Kinuyo aliacha mafunzo akarudi kumuuguza. Sumie akapona, Kinuyo akafa angali kijana. Siku zile za ugonjwa, kila alasiri alimlaza mdogo wake ubavu, uso bustanini, naye akakaa nyuma yake. "Usigeuke," alimwambia. Sumie hakugeuka. Alijua dada yake analia.

"Nitakutana na dada karibuni," Sumie, sasa bibi kizee, alimwambia mkwewe Haruyo, wakimenya matunda ya kukausha. "Nitamwambia nini?"

"Utaanza kwa kumwamkia, Mama. Mengine mtayamaliza kwa chai."

Haruyo alicheka, lakini kesho yake akampeleka kwenye maktaba ya sanaa wakatafute habari za Kinuyo.

Mkutubi, Odagiri, alikuwa mtu wa makamo asiye na haraka. Aliwaletea vitabu vya maonyesho ya zamani, na kweli Kinuyo alikuwemo kwa jina lake la uchoraji, Baika. Alionekana mwaka baada ya mwaka, kisha akatoweka. Kamusi ya wachoraji nayo ilimmaliza kwa mstari mmoja: aliacha kuchora kwa sababu za kifamilia.

"Basi," Sumie alisema, akifunga mkoba. "Sababu za kifamilia ndizo mimi hapa. Twendeni."

"Bibi, ngoja kidogo," Odagiri alisema. "Hilo jina alipewa na nani?"

"Na Baisen. Alimkatia kipande cha jina lake, ile 'Bai', kama wanafunzi wake wote."

"Na ukimwacha mwalimu, kipande unakirudisha. Hata angechora kila siku, asingeweza kutia sahihi ya Baika. Jina lilikufa, sawa. Lakini mtu je? Mlikuwa mnakaa mtaa gani?"

"Nishijin, nyuma ya duka la tofu. Kwani unataka kununua?"

Odagiri alitabasamu, akaenda kuleta vitabu vya mwaka vya wachoraji, ambavyo huandika jina la kila mmoja na anwani yake. Hakutafuta jina. Alitafuta nyumba, akipitisha kidole polepole kwenye mitaa, hadi kikasimama. Mtaa ni ule, nyumba ni ile, mwaka ni ule Sumie alipokuwa hoi kitandani. Mchoraji: Sumika.

"Hiyo herufi ya kwanza, inayosomwa 'Sumi', ni ya jina langu," Sumie alisema. Aliogopa kufurahi. Huenda ni mpangaji, huenda ni mtu mwingine.

Odagiri hakubishana. Alirudi na kitabu cha maonyesho ya mwaka uleule, akakifungua mbele yake penye jina la Sumika. Ilikuwa picha iliyochapwa bila rangi, ya msichana aliyelala ubavu akitazama bustani. Uso hauonekani. Kinachoonekana ni shingo nyembamba, nywele zilizofungwa kwa kitambaa, na shuka lenye kiraka cha mraba pembeni. Kiraka kile Sumie alikishona mwenyewe, vibaya, akachekwa na dada yake.

Sumie aliinama karibu zaidi. Akaikumbuka hata harufu iliyokuwa ikimjia kwa nyuma kila alasiri, harufu ya gundi inayochemshwa kuchanganyia rangi. Yeye alidhani ni dawa yake.

"Alikuwa halii," alisema. "Miaka yote hii namwonea huruma, kumbe mwenzangu alikuwa anafanya kazi."

Haruyo, aliyesimama nyuma yake, aliona mabega yakitikisika. "Mama, unalia?"

"Nafanya kazi," Sumie alisema, wala hakugeuka.