Mke Mwenza Kutoka Darajani

Jumamosi asubuhi Dorca alikuwa chini ya daraja la Otonglo akiosha probox ya abiria. Alikuwa ametoa mazulia yake na kuyaanika juu ya mawe. Pampu ilinguruma, na povu jeusi liliteremka kwenye mtaro hadi mtoni kama siku zote. Hatua chache chini yake, mumewe Ooko alikuwa amesimama ndani ya mto huohuo, maji magotini, akipanda mianzi ukingoni pamoja na kikundi cha kutunza mto. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Dorca alilitazama shati zaidi kuliko alivyolitazama gari.

"Shati ya kanisa kwa matope," alimwambia Nakhumicha, mwenyekiti wa kikundi, aliyekuwa akipita na gunia la chupa za plastiki. "Mimi ananivalia lini?"

"Mama Lorine, huu ni mto tu," Nakhumicha akasema.

Mto tu. Mwanamume ambaye hajawahi kumpandia mkewe hata shina moja la sukuma wiki alikuwa amepanda mianzi kingo zote mbili, na akirudi jioni hakuwa na hadithi nyingine ila kina cha maji. Dorca aliona wivu, tena si kidogo. Aliumeza na chai, haukushuka.

Wiki iliyofuata mto ulimfuata Ooko nyumbani. Ulipofika darajani, badala ya kuendelea ziwani, ulikata kona ukapita katikati ya soko pole pole. Akina mama waliinua magunia yao ya mahindi ili upite. Mwuza omena mmoja alilalamika kwamba haukupiga hodi. Ooko alitangulia, suruali imekunjwa, akiona aibu kidogo.

Langoni mto ulisimama ukasubiri kukaribishwa. Mama yake Ooko alitoka, akautazama, akanyoosha mkono. Mto ukaingia, ukalala upande wa kulia wa nyumba ya Dorca, pale pale ambapo mke wa pili hujengewa.

"Ana adabu, amejua mahali pake," mama mkwe akasema. "Wewe ulikuja kwanza, Dorca. Hakuna mtu wa kukutoa."

"Sikuulizwa, Mama."

"Hata mimi wakati wangu sikuulizwa," mama mkwe akasema, akarudi kuchambua mboga.

Basi wakaishi hivyo. Majirani walikuja kuchota maji na kumpa Dorca pole, ile pole ya kuchungulia. Kikundi nacho kikahamia uani, kikawa kinapanda mianzi huko kila Jumamosi na kukanyaga kunde zake. Ooko alihamisha kiti chake akawa anakula ukingoni. Alikuwa akicheka huko. Dorca alikisikia kicheko hicho akiwa jikoni, na hakuwa amekisikia tangu binti yao Lorine azaliwe.

Kisha mto ukaanza kukohoa. Ulikohoa povu, halafu oili, halafu vipande vya zulia la gari. Ooko alikaa nao akiuuguza, hakwenda popote. Asubuhi moja ulitema kitambaa kilichojaa grisi. Ooko alikifua, akakianika kwenye kamba, na kilipokauka maua yake yakaonekana. Ilikuwa leso aliyomnunulia Dorca hospitalini siku Lorine alipozaliwa. Tangu Ooko ajiunge na kikundi, Dorca alikuwa akiifutia injini.

"Hii si yako?" Ooko akauliza.

"Ni yangu."

"Kumbe ni wewe unamfanya mgonjwa."

"Ni magari. Mimi naosha tu."

Ooko hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Dorca zaidi. Alimweleza kwa upole, kama anavyoeleza wageni wa kikundi. "Chimba shimo pale kwa mtaro, Mama Lorine. Weka mawe na mchanga, maji yachujike kwanza. Nakhumicha na wenzake watakusaidia kuchimba."

"Na wewe?"

"Mimi niko na mgonjwa."

Angesema atakuja, Dorca angechimba siku hiyo hiyo, hata kwa kijiko. Alitaka majembe mawili tu mtaroni, lake na la mumewe, na Ooko alikuwa ameshageukia maji. Shimo halikuchimbwa.

Jumatatu Dorca aliwasha pampu kama kawaida. Siku hizi uchafu wake hufika nyumbani kabla yake. Jioni aliporudi alimkuta Ooko amepiga magoti ukingoni akiupangusa mto taratibu, akianzia pembeni kwenda katikati, kwa leso ile ile ya maua. Alisimama akatazama ule mkono unavyokwenda. Alikuwa anaujua mkono huo.

"Nyieka amekula?" akauliza. Ndivyo Waluo wanavyomwita mke mwenza, na alikuwa amekwisha kulizoea neno hilo.

"Kidogo."

Dorca alichukua sufuria, akateka maji kutoka kwa mke mwenzake, akainjika, akasonga ugali wa kuwatosha wote. Ulikuwa na ladha ya sabuni. Mama mkwe aliongeza mboga kwenye sahani yake, Ooko akala kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa majini, na ugali ukaisha.

Kesho yake darajani Dorca alitia sabuni mara mbili, akalitazama povu likielekea nyumbani kwa mke mwenzake.